Tambo za Uwanjani na Heshima ya Muislamu

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno kuandikiwa katika kurasa hizi. Nalo ni yale maneno yanayotupwa kabla ya mechi, wakati wa mechi na baada ya mechi: tambo, kejeli, vijembe, na hatimaye matusi. Tunaliandika kwa sababu limekwisha kuingia misikitini mwetu. Utawakuta watu wawili waliosimama bega kwa bega katika swala ya Alasiri. Jioni mpira unaisha, mmoja anamkejeli mwenziwe mbele ya watu barazani, na swala ya Isha kila mmoja anatafuta nguzo yake, salamu imekatika. Anayedhani kwamba hilo ni dogo na ajiulize ni mara ngapi ameshuhudia udugu wa miaka ukivunjwa na bao moja.

Tuanze kwa kuweka wazi tusichokikusudia. Hatusemi kwamba mchezo ni haramu. Muislamu akicheza huku amesitiri uchi wake, akachunga nyakati za swala, akajiepusha na kamari ambayo siku hizi imeujaza mpira, basi kucheza kwake ni halali, na akinuia kuupa mwili nguvu za kumtumikia Mola wake, tunatarajia apate na ujira. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha watu kwa farasi, akashuhudia kulenga shabaha, na akashindana mbio na mkewe, Mama wa Waumini Aisha (r.a.). Tunachokizungumzia ni ulimi wa mshindani na ulimi wa shabiki wake.

Mji wetu wa Tanga ni mji wa mpira. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, na African Sports, Wana Kimanumanu, wameigawa Ngamiani vizazi kwa vizazi, kiasi kwamba katika nyumba moja baba alikuwa wa huku na mjomba wa kule. Juu ya hayo ukaja mgawanyiko wa nchi nzima, wa Simba na Yanga, ambao umefika Pangani, Muheza, Mkinga, mpaka vijiji vya wavuvi ambako hakujawahi kuchezwa mechi ya ligi. Tambo za zamani zilikuwa za mtaani na zilikwisha usiku uleule. Katika miaka ya karibuni zimegeuzwa kazi. Klabu kubwa zina wasemaji wanaojulikana kuliko wachezaji, redio zinawapa saa nzima, na kijana wa miaka kumi anajifunza kutoka kwao kwamba kumshinda mtu hakutoshi mpaka umdhalilishe.

Tuchukue mfano unaotugusa watu wa Tanga. Tarehe 2 Julai 2022, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Coastal Union ilicheza na Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho. Mechi iliisha kwa mabao 3-3, na Yanga ikatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu. Siku hiyohiyo, nje ya mstari wa uwanja, msemaji wa klabu kubwa aliingia katika mzozo wa maneno na Rais wa Shirikisho la mpira, na kabla mwezi haujaisha alifungiwa miaka 2 na kutozwa faini ya shilingi milioni 20. Jina lake linajulikana, nasi hatulitaji, kwani hatuwezi kukemea ulimi kwa kumsengenya Muislamu. Tunawaomba wasomaji wapime jambo moja tu. Kijana aliyefunga mabao matatu katika fainali alisema kwa miguu yake, na hakuna aliyemtaka afute kauli. Aliyesema kwa mdomo aligharimika, na kwa wiki kadhaa gumzo lililostahili kuwa la wachezaji likawa la ugomvi wa watu wazima wawili.

Sasa tutazame dini yetu inasemaje. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah (s.w.) anawakataza walioamini kudharauliana, kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya. Anatutahadharisha kwamba huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Tuzingatie jinsi aya ilivyoanza. Haikuanza na mtu mmoja kumdharau mtu mmoja. Ilianza na kundi la watu kulidharau kundi jingine, kisha ikawataja wanawake na wanawake wenzao. Wanazuoni wanatufahamisha kwamba dharau hushika moto zaidi inapokuwa ya kundi, kwa kuwa kila mmoja hupata ujasiri kutoka kwa mwenziwe, na aliye na haya akiwa peke yake huvua haya akiwa katikati ya watu. Je, kuna mahali ambapo maana hiyo inaonekana wazi kuliko jukwaa la uwanja, maelfu wakizomea kwa sauti moja?

Ama majina mabaya, kila shabiki anayajua yale ambayo watu wa Simba na Yanga wamebandikana, na hatuna haja ya kuyarudia. Na ama matusi ya wazazi, ambayo yamekuwa kama kiitikio cha viwanjani, imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alilihesabu katika madhambi makubwa mtu kuwatukana wazazi wake mwenyewe. Maswahaba walipostaajabu jinsi mtu anavyoweza kufanya hivyo, aliwaeleza kwamba humtukana baba wa mwenziwe, naye akarudishiwa kwa baba yake na mama yake. Hadithi hii ni katika Bukhari na Muslim. Basi kijana anayelitukana tumbo la mama wa mlinda mlango ajue kwamba jibu linalorudi kutoka upande wa pili linampata mama yake aliye nyumbani, na kwamba aliyelifungua mlango ni yeye.

Lakini ubaya wa tambo hauishii katika kumuumiza mwenzako. Ndani yake mna kasoro ya imani. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mdogo, akamshinda. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu, na Mtume akaliona katika nyuso zao. Hakumlaumu bedui wala hakutafuta sababu ya kushindwa. Aliwaambia kwamba ni haki juu ya Allah kutokinyanyua kitu chochote katika dunia ila hukishusha.

Tuipime kauli hiyo kwa hesabu za mpira wetu wenyewe. Mwaka 1968 Yanga waliwafunga Sunderland, ambao leo ndio Simba, mabao 5-0. Mwaka 1977 Simba wakawafunga Yanga 6-0. Mwaka 2012 Simba wakawafunga tena 5-0. Novemba 2023 Yanga wakawafunga Simba 5-1. Kila mara waliofunga walitamba kana kwamba dunia imesimama, na kila mara dunia ikazunguka. Nasi wa Tanga tuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1988 Coastal Union walikuwa mabingwa wa Tanzania. Mwaka 2016 timu tatu za mkoa wetu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja kwa pamoja katika msimu mmoja. Siku hiyo hapakuwa na Mgosi wala Mwana Kimanumanu wa kumcheka mwenziwe, kwani wote walikuwa ndani ya shimo moja. Coastal walirejea ligi kuu mwaka 2018, na mwaka 2024 walimaliza nafasi ya 4 na kupata kucheza mashindano ya Afrika. Anayepandisha na kushusha ni Allah. Mwenye kutamba kwa ushindi huwa amejipa sifa ya kitu alichoazimwa, na mwenye mali hajasema ni lini atakidai.

Tunajua kwamba yapo majibu ambayo ndugu zetu wapenzi wa mpira hutupa, na si haki kuyapita kimya.

Jibu la kwanza ni kwamba huu ni utani tu. Simba na Yanga huitana watani wa jadi, na watu wa mwambao wetu, Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na wengineo, wameishi kwa utani tangu zamani. Nasi tunasema kwamba utani wa wazee wetu ulikuwa na mipaka. Mtani alijulikana ni nani, na maneno yake yalikuwa na pahala pake. Zaidi ya hayo, utani ulikuwa na wajibu. Mtani wako ndiye aliyefika msibani kwako kabla ya wengine, akashika kazi, akawachangamsha wafiwa. Je, huyu anayekutumia kejeli kwa simu usiku wa manane, ambaye hakujui wala humjui, atakuja kukubebea jeneza? Ikiwa hatakuja, basi ameazima jina la utani na kuuacha wajibu wake. Na mizaha yenye upendo haikukatazwa. Aisha (r.a.) amesimulia, kama ilivyopokewa na Abu Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, kisha baada ya muda, mwili wake ulipoongezeka, Mtume akamshinda na akamwambia kwa mzaha kwamba sasa wamelipana. Huo ndio utani: mwenye kutaniwa anacheka pamoja na mwenye kutania, na mapenzi yanazidi.

Jibu la pili hutolewa na wenye kusoma kidogo. Husema kwamba hata Maswahaba walitamba. Ali (r.a.) alimjibu Marhab kwa beti za majigambo siku ya Khaybar, na Abu Dujana (r.a.) alijifunga kitambaa chekundu siku ya Uhud akatembea kwa maringo mbele ya safu. Ni kweli, haya yamo katika vitabu vya hadithi na sira. Lakini vitabu hivyohivyo vinaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alipomwona Abu Dujana alibainisha kuwa mwendo ule Allah anauchukia isipokuwa katika mahala kama pale. Mahala pale palikuwa vita, na aliyekuwa mbele yao alikuwa amekuja kuwaua na kuizima dini. Aliye mbele yako Mkwakwani ni nani? Mara nyingi ni Muislamu mwenzako, na akiwa si Muislamu basi ni jirani yako aliyekuja kucheza, hakukujia na upanga. Anayechukua ruhusa ya vita na kuipeleka katika mchezo ameugeuza mchezo kuwa vita.

Na hili si jambo la kufikirika. Tarehe 1 Februari 2012, katika mji wa Port Said nchini Misri, mechi ya Al-Masry na Al-Ahly ilimalizika kwa mashabiki kuvamiana, na zaidi ya watu 70 walikufa. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa za wakati ule zilikuwamo. Lakini siasa ilikuta kuni zilizokauka, yaani chuki ya makundi mawili ya mashabiki yaliyozoea kutukanana miaka mingi, na wengi wao walikuwa wanaelekea kibla kimoja.

Jibu la tatu ni kwamba asiyejibu huonekana mnyonge. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Abu Huraira (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu kwa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Hadithi hii wamekubaliana juu yake Bukhari na Muslim. Mfano uliotumika ni wa mchezo, ndugu zetu! Mtume hakukanusha kwamba mieleka inataka nguvu. Ametuonesha kwamba ipo nguvu iliyo juu ya hiyo, na kwamba mtu anaweza kumbwaga mwenziwe huku yeye mwenyewe amebwagwa na hasira yake.

Tutoke kidogo nje ya nchi tuwatazame wanamichezo wawili Waislamu. Wa kwanza ni Hashim Amla, mcheza kriketi wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Durban, anayejulikana kwa ndevu zake na kushikamana na dini yake. Mwezi Agosti 2006, katika mechi iliyochezwa Colombo, mtangazaji mmoja wa televisheni, akidhani kipaza sauti kimezimwa, alimwita gaidi. Mtangazaji akafukuzwa kazi. Amla hakurudisha tusi wala hakulifanya kuwa wimbo. Aliendelea na kazi yake, na mwezi Julai 2012 jijini London akapata mikimbio 311 bila kutolewa, akiwa mtu wa kwanza wa Afrika Kusini kufikia mikimbio 300 katika mechi moja ya kimataifa ya siku tano. Baadaye akawa nahodha wa timu ya taifa lake. Utulivu wake haukumpunguzia kitu.

Wa pili ni Khabib Nurmagomedov wa Dagestan. Tunamtaja hali tukijua kwamba mchezo wake wa kupigana una kasoro kubwa katika sheria, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1987 liliamua kwamba ngumi za mashindano ni haramu. Lakini vijana wetu wengi walilifuatilia pambano lake la tarehe 6 Oktoba 2018 kule Las Vegas, basi na wapate funzo lake lote. Mpinzani wake, Conor McGregor, alimkejeli kwa wiki nyingi juu ya watu wake na dini yake. Khabib alivumilia, akaingia ulingoni, akamshinda katika raundi ya 4. Ushindi ulikuwa umekwisha kumjibia kila kitu. Dakika ileile akaruka ukuta wa ulingo na kuwavamia watu wa mpinzani wake, na fujo zikaenea. Alifungiwa miezi 9 na kutozwa faini ya dola 500,000. Kejeli zilizoshindwa kumtoa katika utulivu kabla ya pambano zilimtoa baada yake. Funzo ni kwamba subira haina filimbi ya mwisho. Mwenye kufunga mdomo dakika tisini akaufungua njiani kurudi nyumbani hajafunga.

Basi tufanye nini? Kwanza, tunawaomba maimamu na makhatibu wa Tanga na mwambao wote walizungumze jambo hili kwa hekima katika wiki ambazo mechi kubwa zinakaribia. Wasiwafukuze vijana kwa kuutukana mpira wao, kwani khatibu anayezikejeli timu mimbarini amefanya lilelile analolikataza. Pili, walimu wa madrasa zenye timu waweke sharti kwamba mchezaji anayetukana anatoka nje, hata akiwa mfungaji bora, na hata fainali ikipotea. Mtoto akiona mwalimu wake amekubali kupoteza kombe kwa ajili ya adabu, amepata darsa ambalo kitabu hakiwezi kumpa. Tatu, wazazi wachunge ndimi zao mbele ya televisheni, kwa kuwa mtoto hajui tofauti ya kumtukana mwamuzi na kumtukana jirani.

Nne, na hili ni la kila mmoja wetu, tuige mwenendo wa Mtume (s.a.w.) aliowafundisha watu wa kabila la Aslam. Amepokea Salama bin Al-Akwa (r.a.), katika Bukhari, kwamba Mtume aliwapita wakishindana kulenga mishale, akawahimiza na kusema yuko pamoja na upande mmoja. Upande wa pili wakasimamisha mikono yao. Alipowauliza kwa nini hawarushi, walijibu kwamba hawawezi kurusha hali yeye yuko na wenzao. Akawaambia warushe, kwani yuko pamoja nao wote. Aliliona jambo ambalo sisi hatulioni, kwamba ushabiki unaweza kumvunja moyo ndugu, na akalitengeneza palepale kabla halijakua. Shabiki wa Kiislamu anayo timu yake, lakini mechi ikiisha anatakiwa kuwa pamoja na wote.

Aliyeshinda na amshukuru Mola wake, kisha amwendee mwenziwe na kumpa mkono. Aliyeshindwa na aseme Alhamdulillah kwa kila hali, asitafute mchawi wala mwamuzi wa kumlaumu. Na ambaye amemkejeli nduguye mpaka salamu ikakatika na amwendee leo kabla ya Magharibi. Hadithi sahihi zinatufahamisha kwamba si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wa wawili ni yule anayeanza kutoa salamu. Hayo nayo ni mashindano, na anayetangulia ndiye mshindi.

Tunamuomba Allah (s.w.) azitakase ndimi zetu, aziunganishe nyoyo za Waislamu wa mwambao huu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoghadhibika wakanyamaza, na wanaoshinda wakanyenyekea. Amin.

Wabillahi tawfiq.